Kompyuta kuukuu ikilia, isikilize kwanza

Kompyuta yangu ya mezani ni ya mtumba. Niliinunua Kampala, nikaipandisha basi hadi Busia, na tangu hapo inakaa kwenye kona ya sebule ikila vumbi jekundu linalotimuliwa na malori ya mpakani. Siku moja ikakataa kuamka. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, kioo cheusi tititi, na ndani mlio mrefu: piiii, kimya, piiii, kimya.

Mimi mbio na bodaboda hadi kwa fundi. Hata hakuifungua. "Mzee, mazabodi imekufa hiyo," akasema, yaani ule ubao mkuu wa ndani, akanitajia bei ya nyingine. Nikarudi nayo mapajani, nimenuna. Binti yangu, aliye sekondari mwaka wa pili, akauliza: "Baba, kama imekufa, inaliaje?"

Kumbe ndilo swali lenyewe. Kabla ya Windows kuanza, programu ndogo iliyo kwenye mazabodi, ile bayosi, hukagua viungo kimoja kimoja. Ikikwama kabla kioo hakijapata picha, haina njia ya kuandika, kwa hiyo inalia. Milio hutofautiana kwa bayosi. Kwenye zile za Award, mlio mmoja mrefu ukifuatwa na miwili mifupi ni shida ya kadi ya picha. Mrefu unaojirudia bila kukoma, kama wangu, kwa kawaida ni ramu, kile kibao chembamba cha kumbukumbu ya muda. Kwa hiyo tafuta kwanza jina la bayosi yako, ndipo usake maana ya milio yake.

Nilichomoa waya ukutani, nikabonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe, nikagusa chuma kitupu cha kasha. Ramu imebanwa na vishikizo viwili, kimoja kila mwisho. Ukivisukuma nje, inainuka yenyewe. Meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia kama sarafu ya zamani. Binti akatoa ufutio mweupe kwenye mkoba wake. Nikasugua taratibu pande zote mbili, nikapangusa masalia, nikairudisha kwa kuikandamiza mpaka vishikizo vikajifunga vyenyewe, tak! Usitumie msasa, utayanyoa meno. Ukiwa na ramu mbili, jaribu moja moja, maana huenda mbovu ni moja tu.

Ikawaka.

Jaribio jingine la bure: toa ramu zote kisha washa. Ikilia, mazabodi na prosesa, ule ubongo wa kompyuta, vina uhai. Ikinyamaza kabisa, tatizo huenda liko chini zaidi, ila hakikisha kwanza mashine yako ina kispika kidogo cha ndani, kwani nyingine hazinacho.

Miezi kadhaa baadaye ikaanza vituko vingine: kila asubuhi inaniomba nibonyeze F1, tarehe imerudi 2006, na tovuti nyingi zinakataa kufunguka kwa sababu vyeti vyake vya usalama vinakaguliwa kwa tarehe. Hiyo ni betri ya CR2032 imeisha, ile bapa ya volti 3 iliyolala kwenye mazabodi ikitunza saa. Nilinunua mpya kwa bei ya rolex mbili, zile chapati za kukunja na mayai. Ukishaibadilisha, ingia kwenye bayosi kwa Delete au F2, urekebishe tarehe na uangalie kama diski, ile inayohifadhi mafaili yako, bado imetajwa.

Ukiambiwa kibodi haipo, tazama waya, au kama kuna kitu kimelalia vitufe (kwangu ilikuwa daftari). Diski isipoonekana, chomoa na uchomeke upya nyaya zake. Ila ikilia tik-tik-tik, acha ufundi. Ikikubali kufunguka hata mara moja, okoa picha zako kwanza.

Kapasita, vile vikopo vidogo vya mazabodi, zikivimba vichwa, hapo mimi huinua mikono. Pawa saplai, lile boksi la ndani linaloigawia mashine umeme, sifungui kamwe, kwani hutunza umeme hata ikiwa imechomolewa. Na kama mashine imetoka Marekani, angalia kile kiswichi chekundu cha nyuma kabla ya kuichomeka: kikisoma 115, kisogeze kwenye 230, kwa maana umeme wetu ni volti 240. Jirani yangu hakuangalia. Tulisikia mlipuko hadi kwetu.

Juzi nilimpelekea fundi yule yule simu ya mama. Akauliza ile mazabodi hatimaye niliipata wapi. Nikamwambia, kwenye mkoba wa shule.