Je, "nice" lilikuwa tusi?

Mama Kevo, umeuliza kama kweli "nice" liliwahi kuwa tusi, maana mwalimu wa Kevo huko Umoja amelikata kwa kalamu nyekundu kwenye insha. Ni kweli. Mzizi wake ni Kilatini, nescius, yaani asiyejua. Likapitia Kifaransa, na Waingereza wa karne ya 14 wakamwita hivyo mtu mjinga. Baadaye likawa la mtu mchaguzi, kisha la jambo lililopimwa kwa makini; maana ya kupendeza ilishika karne ya 18.

Lakini sidhani mwalimu alikuwa na habari za Kilatini. Neno limechoka tu: chai nice, matatu nice, shosho nice! Kevo aandike chai ilikolea tangawizi, matatu ilichorwa hadi darini. Ya shosho anayajua mwenyewe.