Bumu inakata wiki ya tano: gawa kwa siku 70

Mdogo wangu, umesema unapokea bumu, yaani hela ya mkopo wa chuo ya kujikimu, shilingi 600,000 kwa siku 60, umepanga geto la 50,000 kwa mwezi, na wiki ya tano huna kitu. Kosa ni hesabu ya 10,000 kwa siku. Hiyo hela si ya chakula peke yake, na bumu lijalo likichelewa unabaki unadaiwa kwa mama ntilie.

Siku inapoingia, toa kwanza kodi ya miezi miwili, 100,000. Toa 30,000 ya kutoa kopi na bando, na 50,000 ya dharura. Inabaki 420,000. Igawe kwa siku 70, si 60: unapata 6,000 kwa siku, yaani 42,000 kwa wiki. Hela yote ikae benki. Kila Jumatatu hamishia simu 42,000 tu, mara moja. Ukitoa elfu tano tano kwa wakala, makato yanakula nauli yako bila wewe kuona.

Mnaoishi jirani changeni mchele, unga, maharage na mafuta ya wiki mbili, mpike kwa zamu. Mchango ulipwe siku ya bumu, maana ahadi za "nitatoa Ijumaa" ndizo huvunja makundi haya.

Mikopo ya simu achana nayo kabisa. Deni linakatwa hela ikigusa tu laini, hivyo wiki inaanza na pengo, unakopa tena kuliziba. Kama unalo sasa, lilipe kwa ile 50,000 ya dharura kabla ya kununua chochote.