Maziwa Hayaoshi Mapafu: Kwa Mafundi Wenzangu wa Yadi za Mabasi

Juzi kijana mmoja, spana boi kwenye yadi ya mabasi ya mikoani hapa Dar, alinitumia ujumbe wa sauti: "Shikamoo fundi. Tajiri ametuletea maziwa, kila mtu pakiti yake asubuhi, na barakoa za kitambaa. Wenzangu wanasema tumshukuru. Mimi kifua bado kinabana. Nifanyeje?"

Nilimjibu kwa kifupi kwa sababu nilikuwa uvunguni mwa gari. Jibu refu ni hili, na ni la wote mnaonifuatilia, maana najua hakuna kati yenu anayetaka kuzeekea kwenye spana za mtu mwingine. Kila mmoja anataka gereji yake, na wengine mnaota basi lenye jina la mama yenu pale mbele. Vizuri. Basi mfike huko mkiwa bado na pumzi ya kupanda ngazi.

Nianze na maziwa. Wachomeleaji wanapewa, wapaka rangi wanapewa, na sisi wa dizeli tunapewa, eti yanasafisha kifua. Mdogo wangu, maziwa yanaenda tumboni. Moshi unaenda mapafuni. Ni njia mbili, na hazikutani. Yanywe, ni chakula kizuri, lakini usiyahesabu kuwa ni kinga. Chembe nyingi za masizi ya dizeli ni ndogo kuliko maikroni moja, wakati unywele wako una unene wa maikroni 70 hivi. Zinapita puani, zinapita kooni, zinakwenda kutulia kwenye vile vifuko vya mwisho kabisa vya mapafu, zikiwa zimebeba kemikali za mafuta ambayo hayakuungua vizuri. Na barakoa ya kitambaa mbele ya chembe hizo ni wavu wa goli mbele ya vumbi. Ile ya N95 inayobana usoni inazuia chembe, ndiyo, ila haizuii gesi, na ukiwa na ndevu haibani. Tajiri wako hana nia mbaya, pengine. Amenunua kilicho rahisi.

Mimi nilianza kazi kwenye yadi moja maeneo ya Shekilango, enzi stendi ikiwa bado Ubungo. Vijana mliokuja baada ya stendi kuhamia Mbezi Luis mwaka 2021 hamkuziona alfajiri zile. Mabasi yalikuwa hayaruhusiwi kutembea usiku, kwa hiyo safari zote ndefu, Mwanza, Bukoba, Tunduma, zilipangwa kutoka saa 12 asubuhi. Maana yake saa 10 usiku yadi nzima inawashwa kwa mpigo. Na hayawashwi ili yaondoke. Yanawashwa ili yajaze upepo.

Aliyewahi kukaa kwenye kiti cha dereva wa basi analijua hili. Breki ni za upepo. Mitungi ikiwa mitupu, breki za maegesho haziachii, basi haliendi popote. Dereva anawasha, kengele ya onyo inalia ngiii bila kukata, mishale miwili ya geji imelala chini kabisa, naye anakanyaga mafuta ili kompresa ipampu haraka. Injini ni ya baridi, mafuta hayaungui vizuri, kwa hiyo bomba linatema moshi mweupe mzito kwanza, kisha mweusi. Sasa zidisha hiyo mara mabasi yote ya yadi, ukuta nyuma, ukuta kushoto, bati juu ya sehemu ya mashimo, yale tunayoshukia kutengeneza gari kwa chini. Mimi niko ndani ya shimo nafunga boliti za mwisho za gari lililochelewa kutoka matengenezo. Moshi ukipoa unashuka, na shimo ndiko chini kuliko kote. Mama ntilie wetu alikuwa anafunika sufuria ya supu kwa karai, akiinua karai unaona duara safi kwenye meza, na pembeni yake pote masizi. Supu ilikuwa na mfuniko. Mama mwenyewe hakuwa nao.

Tulikuwa tunatema makohozi meusi mpaka mchana. Macho yanawasha, kichwa kinagonga, usingizi wa ajabu unakuja saa 2 asubuhi. Tukasema ni kukesha. Kumbe ndani ya moshi ule mna kaboni monoksaidi, inayonyang'anya damu oksijeni, na naitrojeni dayoksaidi inayochoma njia za hewa. Mwenye pumu ndiye alikuwa wa kwanza kulia, na alichekwa.

Mwaka wa pili nilianza kukohoa usiku. Nikaenda zahanati. Swali la kwanza: "Unavuta sigara ngapi kwa siku?" Sivuti. Akaniuliza tena, kwa sauti ya mtu anayejua unamdanganya. Nikapimwa TB, sina, nikapewa dawa ya kikohozi ya chupa. Hakuna aliyeniuliza nafanya kazi gani, na ovaroli nilikuwa nimeivaa. Mpaka leo mtu akiniuliza habari za sigara kwa ile sauti naweza kukosa adabu.

Halafu nikasema kwenye kikao. Niliomba jambo dogo tu: mabasi yawashwe kwa zamu, na lile eneo la mashimo litolewe ukuta mmoja hewa ipite. Msimamizi wa wakati ule akacheka, akageukia wenzangu, "Fundi gani anaogopa moshi? Nenda kauze vitumbua." Wakacheka wote, hata wale waliokuwa wanakohoa kitandani kama mimi. Wiki iliyofuata jina langu halikuwepo kwenye orodha. Nilikuwa deiwaka, kibarua wa kulipwa kwa siku, hakuna barua, hakuna kuaga. Sijalisahau hilo, na sitajifanya nimelisahau kwa sababu leo nina cheo.

Miaka ya katikati naiacha, haina maana kwenu. Nilihangaika, nikajifunza magari ya kisasa, nikasoma. Na kwenye kusoma ndiko nilikokutana na kitu kilichonikasirisha. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, ambalo liko chini ya Shirika la Afya Duniani, lilisema mwaka 1988 kwamba moshi wa dizeli huenda unasababisha saratani. Mwezi Juni 2012 likaondoa hiyo "huenda": likauweka kundi la kwanza, pamoja na asbesto na moshi wa tumbaku, kwa ushahidi wa saratani ya mapafu. Na si kwamba walikuwa wanaangalia watu wasiofanana na sisi. Mwaka 1990 watafiti wa Sweden walitoa matokeo ya kufuatilia wanaume 695 wa gereji tano za mabasi mjini Stockholm, mafundi na wahudumu wa mabasi waliofanya kazi pale kati ya 1945 na 1970. Waliokula moshi mwingi zaidi walikuwa na hatari kubwa zaidi ya saratani ya mapafu. Gereji za mabasi, jamani. 1990! Mimi nimeambiwa nikauze vitumbua zaidi ya miaka kumi baadaye.

Sasa ushindi wenyewe, ambao nauelezea kwa raha zangu.

Hapa nilipo leo mimi ndiye msimamizi wa gereji. Nilipofika nilikuta yadi ileile kwa jina jingine: mabasi yananguruma saa nzima kabla ya safari, wengine wanaacha injini inawaka ili dada wa usafi apate taa na muziki, wengine wanalala humo na kiyoyozi. Nikajua nikienda kwa tajiri na habari za mapafu nitarudi kwenye vitumbua. Nikaenda na dizeli. Basi kubwa likinguruma limesimama linakunywa kati ya lita mbili na nne kwa saa. Chukua tatu. Mabasi 20, saa moja kila alfajiri, ni lita 60 zimechomwa hapo uani bila abiria hata mmoja kusogea. Kwa bei ya dizeli ya siku hizi hiyo ni zaidi ya laki moja na nusu kila siku. Nikamwongezea kwamba injini ikinguruma muda mrefu bila mzigo haipati joto la kutosha, kaboni inaganda kwenye nozeli na turbo, na hayo ndiyo yanayomletea ankara za matengenezo. Tajiri alikaa kimya, akachukua kalamu, akapiga hesabu upya mwenyewe. Akaniambia, "Fundi, fanya."

Lakini madereva wangekubali vipi kuzima, wakati asubuhi mitungi haina upepo? Hapa ndipo wengi wanapokwama, wanabandika tangazo ukutani "ZIMA INJINI" na kwenda kulala. Basi lisilo na hitilafu, lililoegeshwa usiku geji ya upepo ikisoma baa 8, linatakiwa liamke na upepo wa kutosha kiasi kwamba dakika chache tu za injini zinamalizia. Likiamka tupu linavuja. Kwa hiyo tulianza kuwinda mivujo. Nilimpa kijana ndoo ya maji ya sabuni na brashi ya kupakia rangi. Injini imezimwa, uani kimya, anapaka kila kiungio cha bomba la upepo, vali za mitungi, kikausha hewa, busta za breki, silinda ya mlango, maputo ya suspensheni. Panapovuja panatoa mapovu. Ukiweka sikio unasikia na mluzi mwembamba. Gari moja, ambalo dereva wake aliapa kwamba "limezaliwa hivyo," lilikuwa na diafremu ya busta iliyochanika na pete ya mpira kwenye kiungio cha mlango iliyokauka kama ganda. Kile kipete bei yake haifiki ya chipsi kavu.

Magari yalipoacha kuvuja, kuzima injini kukawa hakuna mjadala. Wanawasha, mishale inapanda, wanatoka. Tukageuza na maegesho: rivasi marufuku upande wa jikoni kwa mama ntilie, mabomba yote yanatazama upande wa wazi wa yadi. Taa na muziki wa usafi, tumevuta umeme wa ukutani. Mimi nafika saa 10 na nusu usiku nasikia jogoo. Jogoo, Shekilango hukuwahi kumsikia.

Kwa hiyo mdogo wangu, na ninyi wengine mnaosoma huku mnakohoa: zima injini. Rekebisha upepo, kisha zima injini. Usiingie shimoni gari linawaka juu yako, mwambie dereva azime, akikataa toka shimoni, gari libaki. Usipulize filta ya hewa kwa kompresa ukiwa umeielekeza usoni, na masizi ya sakafuni yalowanishe kabla ya kufagia. Moshi mweusi usiuzoee: unakuambia filta imeziba, au nozeli zimechoka, au mtu ameongeza mafuta kwenye pampu ili gari likimbie mlima wa Kitonga. Wa bluu ni oili inaungua. Na kutokuona moshi si dalili ya usalama, gesi nyingi za hatari hazina rangi. Mafuta yetu yameboreshwa, nakubali, tangu 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana salfa isizidi sehemu 50 kwa milioni, lakini dizeli safi ikichomwa karibu na pua yako bado ni moshi wa dizeli. Zima injini!

Na ovaroli usirudi nayo nyumbani. Mwanao anakukimbilia mlangoni anakukumbatia, uso wake unafika hapo hapo penye masizi. Wanaume tunapenda kusema tunajitoa kwa ajili ya familia. Basi tuanze kwa kutowapelekea uchafu wa yadi kitandani.

Kuhusu haki. Tanzania Bara tuna Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi, Namba 5 ya 2003, na wakala wake ni OSHA. Upimaji wa afya wa mfanyakazi umo ndani ya sheria: kabla ya kuanza, wakati wa kazi, na wakati wa kuondoka. Uliza. Upo pia Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ambao mchango wake hulipwa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara wako, na unahusu magonjwa yatokanayo na kazi, si ajali tu. Shida yetu ni udeiwaka: huna mkataba, hujulikani. Kwa hiyo kabla ya kugombania shilingi elfu mbili ya posho, gombania karatasi yenye jina lako. Mliopata vyeo, ninyi ndio wa kuandika hayo majina. Msiwafanyie vijana mliyofanyiwa.

Na wewe uliyenitumia ujumbe, kifua kinachobana kisisubiri. Kikohozi cha wiki mbili na zaidi, kapime TB kwanza, usiruke hatua hiyo. Ukionekana huna, usikubali kurudishwa na chupa. Mwambie daktari hivi, hata kama hajakuuliza: nafanya kazi yadi ya mabasi, navuta moshi wa dizeli kila alfajiri, kifua kinabana nikiwa kazini, na siku za mapumziko kinakuwa hivi au vile. Omba kipimo cha kupuliza kinachopima nguvu ya mapafu, na utunze karatasi ya majibu, kwa sababu ya mwakani italinganishwa na hiyo.

Wanaouliza ule mpira tunaovalisha kwenye bomba la moshi gari linapojaribiwa ndani ya gereji: usitumie mpira wa maji wala wa kompresa, unayeyuka na kutoa moshi mbaya zaidi. Tafuta unaovumilia joto la eksozi, kipenyo kisiwe chembamba kuliko bomba lenyewe, mwisho wake utoke nje kabisa, mbali na dirisha la mtu. Kama hamjaupata, gari lijaribiwe uani.