Mafungo ya wamisionari Dodoma: ratiba ipungue, usingizi uongezeke

Ukitaka kuandaa mafungo ya wamisionari Dodoma, yaani siku chache za kujitenga ili kupumzika na kuomba, kabla hujamtafuta mhubiri angalia kalenda ya Bunge. Bunge la Bajeti huanza Aprili na kwenda hadi mwishoni mwa Juni. Muda wote huo vyumba mjini ni vya kugombea, hata vile vya nyumba za masista na hosteli za makanisa ambavyo watu hudhani havihusiani na siasa. Sisi tunapendekeza Julai. Bunge la Bajeti limekwisha, mvua hakuna, barabara za vumbi zinapitika, na watoto wengi wa shule za kimataifa wako likizo. Ubaya wake ni upepo na baridi ya usiku. Mtu anayetoka Pwani au Msumbiji hafikirii kwamba Dodoma, pamoja na ukame wake wote, iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na kwamba atahitaji sweta na blanketi la pili. Liandikeni hilo kwenye mwaliko.

Siku zinazofaa ni Jumatatu jioni hadi Ijumaa asubuhi, ili mtu asikose Jumapili mbili kituoni kwake. Anayetoka Dar es Salaam amerahisishiwa na treni ya SGR, ambayo ilianza kufika Dodoma mwaka 2024. Lakini yuko anayetoka Msumbiji, ng'ambo ya mto Ruvuma, ambaye amelala njiani na kubadili basi zaidi ya mara moja. Kwa ajili ya huyo, Jumatatu usiku pasiwe na kipindi chochote. Maji ya kuoga, chakula, funguo za chumba, basi.

Mwaliko useme wazi pia kwamba hakuna posho. Huu ni mji wa semina, na neno lolote linalofanana na semina huamsha matarajio. Badala yake wekeni mfuko wa nauli. Kila mtu anaandika nauli yake halisi ya kwenda na kurudi, mnajumlisha, mnagawa sawa. Watu 40 wakiwa wametumia jumla ya shilingi 2,800,000, kila mmoja anabeba 70,000. Aliyesafiri kwa 20,000 anachangia 50,000, aliyetumia 180,000 anarudishiwa 110,000. Bila mfuko huo, wanaoishi mbali na upweke zaidi, yaani wale wale wanaoyahitaji mafungo, ndio watakaokosa kuja.

Mkienda kukagua nyumba ya mafungo, msiishie kwenye ukumbi. Fungueni bomba saa nane mchana. Maji Dodoma huja kwa mgao katika maeneo mengi, na visima vingi vina chumvi. Watu 40 kwa lita 60 kila mmoja ni lita 2,400 kwa siku, kwa hiyo tangi la lita 5,000 linawafikisha siku mbili tu. Ulizeni linajazwaje siku ya tatu. Ya kunywa hesabuni lita tatu kwa mtu: dumu sita za lita 20 kila siku. Hewa ni kavu, na kichwa kinachomuuma mtu Jumanne jioni mara nyingi ni kiu tu.

Sasa ratiba, ambayo ndiyo huharibu mafungo mengi. Wamisionari ni watu wa kutoa. Ukiwapa nafasi ya kupanga ratiba yao wenyewe wataijaza mada: fedha, uongozi, mikakati, taarifa za vituo. Wataondoka wamechoka kuliko walivyokuja. Vipindi viwili kwa siku vinatosha: kimoja asubuhi baada ya chai, kisichozidi saa moja na nusu, na kingine jioni, cha nyimbo na maombi. Saa nane hadi saa kumi alasiri ni kulala, na anayeandaa vipaza sauti avizime. Hakuna mgeni rasmi. Mgeni rasmi akichelewa saa mbili, asubuhi yote imekwenda, na akifika watu wanarudi kuwa watumishi wanaojieleza mbele ya mkubwa. Kwa sababu hiyo hiyo viongozi wa shirika linalotuma wasikae kwenye makundi madogo ya kusikilizana. Wakitaka kuja, waje Alhamisi kula chakula cha jioni.

Makundi yawe ya watu wanne au watano wasiofanya kazi kituo kimoja. Kila mmoja apewe dakika 40 za kusema mwaka wake ulivyokwenda, wengine wasikilize bila kushauri. Hilo la kutoshauri ni gumu kwa wachungaji, kwa hiyo msimamizi alirudie kila siku. Pembeni wawepo wasikilizaji wawili au watatu waliozoea kazi hiyo, wa kukaa na mtu au na wanandoa kwa saa moja na nusu. Mwanzoni kabisa watangaze kwamba hawaandiki ripoti kwa yeyote, isipokuwa pale usalama wa mtoto au uhai wa mtu uko hatarini. Mke na mume wapewe pia nafasi ya kusikilizwa kila mmoja peke yake. Mara nyingi mmoja ndiye aliyeitwa na mwingine alifuata, na hilo halisemwi wakiwa wamekaa pamoja.

Watoto msiwaachie wazazi kwa zamu, maana mama watatu watakosa kila kipindi. Ombeni walimu wa shule ya Jumapili kutoka usharika wa karibu: mmoja kwa watoto watano walio chini ya miaka sita, na asiwepo mtu mzima anayekaa peke yake na mtoto chumbani. Vijana wa miaka 13 kwenda juu wapewe programu yao na wasilazimishwe kutoa ushuhuda.

Picha ni jambo zito kuliko linavyoonekana. Wapo wanaotumika mahali ambapo kujulikana kwamba ni wamisionari kunaweza kuwafukuzisha, au kuwaponza waumini waliowaacha huko. Piga picha moja ya wanaokubali, wengine wakae kando, na chochote kisipandishwe mtandaoni kabla hawajakiona.

Mkiwa wa madhehebu tofauti, suala la Meza ya Bwana liamuliwe mwezi mmoja kabla: nani anaongoza, nani anaweza kushiriki, divai au juisi. Dodoma zabibu zipo, ila makubaliano hayanunuliki sokoni Majengo.

Alhamisi wapeni uhuru. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2006, inavutia, lakini iko zaidi ya kilomita 150 kutoka mjini na itakula siku nzima ya watu waliokuja kupumzika. Kupanda Mlima Simba asubuhi mapema, kabla jua halijawaka, kunatosha. Jioni hiyo hiyo gawaneni mfuko wa nauli. Msisubiri Ijumaa, maana wa basi la alfajiri watakuwa wameshaondoka.