Una asubuhi moja Seoul majani yakipukutika? Nenda Changdeokgung

Jamaa wanaopita Seoul mwezi wa kumi na wa kumi na moja huniuliza swali lilelile: tuone kasri lipi? Jiji lina makasri matano ya Joseon, ukoo wa wafalme waliotawala Korea zamani, na wengi huishia Gyeongbokgung kwa kuwa ndilo kubwa na ndilo lenye picha kila mahali. Sina ugomvi nalo. Ila kama shida yako ni kuona majani yakigeuka rangi, na muda ni mfupi, shuka treni kituo cha Anguk, tembea kidogo kuelekea mashariki, uingie Changdeokgung.

Kwanza ni namna lilivyokaa. Gyeongbokgung limepangwa kwa mstari ulionyooka, lango baada ya lango. Changdeokgung lilianza kujengwa 1405, enzi za mfalme Taejong, na mafundi walikifuata kilima kinavyotaka. Ukipita lango la Donhwamun huuoni ukumbi wa kiti cha enzi. Njia inakata kulia, inavuka daraja la mawe la mwaka 1411, kisha inakata tena. Miti inakutokea kona kwa kona. Halafu hapa watu waliishi kweli. Makasri yalipoteketea katika uvamizi wa Wajapani wa 1592, hili lilijengwa upya mapema, na wafalme wakakaa humu zaidi ya miaka 250 kabla Gyeongbokgung halijainuliwa tena miaka ya 1860.

Kwenye Injeongjeon, ndio huo ukumbi wa kiti cha enzi, usikawie. Tazama mawe uani yanayoonyesha kila ofisa asimame wapi kwa cheo chake, chungulia ndani uone taa za umeme zilizoning'inizwa mwanzoni mwa karne ya 20, piga picha yako, songa mbele.

Kilichokuleta ni Huwon, bustani ya nyuma, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya eneo zima la kasri. Huko huingii hivihivi: kuna tiketi yake ya ziada, unaingia na kundi kwa saa maalumu, na idadi ya watu ina kikomo. Nilipokwenda, kiingilio cha kasri kilikuwa won 3,000 (won ndiyo fedha ya Korea) na cha bustani won 5,000. Tiketi za mtandaoni hufunguliwa siku chache kabla, na msimu huu huisha upesi mno, kwa hiyo kaa na simu mkononi zinapofunguliwa. Ukizikosa, wahi dirishani asubuhi kabla geti halijafunguliwa. Ukivaa hanbok, vazi la jadi la Korea, hata la kukodi, unaingia kasri bure. Lakini fikiria vizuri: njia za Huwon zina ngazi na miinuko, na lile sketi refu halikutakii mema.

Kituo cha kwanza ni bwawa la Buyongji, la pembe nne na kisiwa cha duara katikati, maana wazee wa Korea walisema ardhi ni mraba na mbingu ni duara. Juu yake lipo jengo la Juhamnu la mwaka 1776, ambako mfalme Jeongjo aliweka maktaba yake. Kila mtu atasimama hapo kupiga picha. Simama na wewe, lakini weka chaji ya simu kwa ajili ya mbele.

Mbele ni Ongnyucheon, bondeni kabisa, ambako mwaka 1636 mfalme Injo aliagiza mwamba uchongwe ili maji yapite yakijipinda. Wakubwa walikaa pembeni, kikombe cha pombe kikielea majini, na mashairi yakitungwa. Karibu na hapo kuna kibanda kidogo, Cheonguijeong, kilichoezekwa kwa mabua ya mpunga, na kando yake kijaruba ambacho wafalme walilima ili waonje kazi ya raia wao. Mimi nimekulia kwenye mpunga, Kyela, na nilicheka kimoyomoyo: kwa ukubwa ule mfalme hakuumwa mgongo hata kidogo! Bado nikapapenda kuliko ukumbi wa kiti cha enzi. Mpunga huvunwa msimu huohuo wa majani mekundu, na mabua yake ndiyo yanayoezeka upya paa lile.

Ukirudi, pitia Nakseonjae, nyumba ya 1847 isiyopakwa rangi. Binti mfalme Deokhye, aliyepelekwa Japani akiwa msichana na kurejea 1962, aliishi eneo hili hadi kufa kwake Aprili 1989. Wifi yake, Yi Bangja, alifariki hapohapo mwezi uleule. Mbao tupu na majani ya njano vinapatana mno, na wageni wengi hupapita tu.

Rangi hukolea kati ya mwisho wa Oktoba na katikati ya Novemba. Ikinyesha mvua yenye upepo, nusu ya uzuri huwa chini kesho yake, basi usiahirishe ukiona hali ya hewa ni nzuri. Jumatatu kasri hufungwa. Asubuhi baridi huuma, vaa nguo juu ya nguo uvue jua likipanda. Barabarani angalia unapokanyaga: miti ya ginkgo ina majani ya dhahabu, lakini tunda lake likipasuka chini ya kiatu, harufu utaingia nayo hadi hotelini.

Miguu ikiwa bado ina nguvu, uliza lango la Hamyangmun. Linakutoa moja kwa moja kasri jirani la Changgyeonggung, ambalo utawala wa Kijapani uliligeuza kuwa bustani ya wanyama mwaka 1909. Wanyama walihamishwa miaka ya 1980. Tiketi yake ni nafuu, na hubaki wazi hadi usiku.