Mguu Ukilegea, Kiganja Kikianguka: Linda Kiungo Wakati Neva Inapona

Mvuvi wa dagaa anakesha ziwani, alfajiri anapitiwa na usingizi mkono ukining'inia kwenye ukingo wa mtumbwi. Akiamka, kiganja kimeanguka na vidole havinyanyuki. Nyumbani wa kwanza atasema kiharusi, wa pili atasema katupiwa kitu. Kumbe neva, yaani mshipa wa fahamu, inayopita nyuma ya mfupa wa juu wa mkono ilibanwa kwa saa kadhaa kati ya mfupa na ubao, na amri ya ubongo haifiki kwenye msuli. Kiharusi kwa kawaida kinashika mkono na mguu wa upande mmoja, mdomo unaenda upande, maneno yanakwama. Hapo ni hospitali papo hapo, bila mjadala. Kiganja kilichoanguka peke yake, uso na mguu vikiwa vizima, mara nyingi ni neva, na ile ya kubanwa usingizini hurudi yenyewe ndani ya wiki chache hadi miezi 3. Hata hivyo nenda ukapimwe.

Kwenye mguu, neva inayoumia sana ni ile inayozunguka shingo ya mfupa mwembamba wa nje. Papasa upande wa nje chini kidogo ya goti, utakuta kinundu cha mfupa. Neva imepita hapo karibu na ngozi, haina nyama ya kuikinga. Inabanwa na kuchuchumaa siku nzima ukianika dagaa au ukipalilia maharage, na hogo la kufungia mfupa lililokaza, na kulala muda mrefu mguu umegeukia nje, na ukoma pia. Dalili yake kubwa: mtu hawezi kusimama kwa visigino. Akitembea anainua goti juu kama anayevuka dimbwi, kisha wayo unapiga chini "pwa".

Kabla ya yote, yajue yasiyosubiri. Ulegevu unaoanzia miguuni na kupanda ndani ya siku chache, hasa mtu akianza kupaliwa au kukosa pumzi, unataka hospitali yenye oksijeni siku hiyohiyo. Maumivu ya kiuno yakiambatana na ganzi sehemu za siri au mkojo kuziba, vilevile. Na mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla mkono au mguu lazima aripotiwe kituoni ili apimwe polio: zinachukuliwa sampuli 2 za choo, zikipishana saa 24 au zaidi, ndani ya siku 14 tangu alegee. Usimweke nyumbani kwa kudhani ni malaria imemshukia miguuni. Mwaka 2023 kirusi cha polio kilipatikana Rukwa, na Kigoma ilikuwa kati ya mikoa iliyochanjwa nyumba kwa nyumba.

Sasa hesabu ambayo kila mgonjwa anapaswa kuambiwa mapema. Neva iliyokatika nyuzi zake za ndani huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku. Ikiumia pale chini ya goti, msuli wa ugoko uko sentimita kama 10 mbele, yaani zaidi ya miezi 3. Ikiumia kwenye kalio la mtu mzima, safari ni kama sentimita 40: mwaka na zaidi. Na msuli usiopata neva kwa miezi 12 hadi 18 hugeuka mafuta na kovu. Katikati ya hesabu hizo mbili ndipo wengi wanapopotea, kwa sababu wakati neva inaota, kigimbi chenye nguvu kinaendelea kuvuta kisigino juu. Neva ikifika, inakuta kifundo kimeganda. Neva imepona na mtu bado ni mlemavu.

Kwa hiyo kazi ya kila siku ni kifundo. Mgonjwa akae sakafuni goti limenyooka, apitishe khanga chini ya wayo karibu na vidole, avute kuelekea kwake mpaka asikie kigimbi kinavutika, ashikilie sekunde 30. Mara 5 kwa mkupuo, mikupuo 3 kwa siku. Goti likikunjwa zoezi halina maana, maana msuli mkubwa wa kigimbi unaanzia juu ya goti. Kisha ajaribu kuinua wayo mwenyewe huku mkono ukisaidia, mara 10 hadi 15, akiikazia akili ile amri hata kama hakuna kinachosogea. Aache kabla ya kuchoka; msuli uliokosa neva ukilazimishwa unaweza kudhoofu zaidi. Kwa kiganja ni hivyohivyo: kinyooshe kwa mkono ulio mzima, na mchana kifungwe banzi kikiwa kimeinuka kidogo, vidole huru.

Usiku wayo ukae kwenye nyuzi 90 ndani ya kifaa cha plastiki anachopimiwa na mtaalamu wa fiziotherapia. Kila ukikivua, kagua ngozi. Wekundu usiofutika ndani ya dakika 20 maana yake kinabana, kirudishwe kurekebishwa. Kabla hakijapatikana, utepe wa mpira wa ndani ya tairi la baiskeli, upana sentimita 3, unaweza kuinua wayo wakati wa kutembea: ncha moja kwenye matundu ya kamba za kiatu, nyingine kwenye mkanda laini juu ya kifundo. Tunaona watu wanaufunga mkanda huo chini ya goti. Usifanye hivyo kabisa. Unaikaba neva ileile unayoisubiri.

Upande wa dawa tutasema wazi. Sindano za vitamini B zinazouzwa kila duka la dawa zinamsaidia mwenye upungufu. Mwenye neva iliyobanwa au kukatika hazimrudishii nguvu, na vitamini B6 nyingi kwa muda mrefu yenyewe inaharibu neva. Anayetumia dawa za TB zenye isoniazidi ndiye anayehitaji B6, kawaida miligramu 25 kwa siku, kwa hiyo aiulizie kliniki. Amitriptilini ya usiku inatuliza kuchoma na kuwaka, haiongezi nguvu. Mwenye ganzi ya miguu yote miwili apime sukari kabla ya kununua chochote.

Ukoma bado upo, na aibu inauficha. Mgonjwa afumbe macho. Gusa ngozi ya kiganja na wayo kwa ncha ya kalamu ya wino, kwa uzito wa kubonyeza ngozi kidogo tu, naye aonyeshe kwa kidole ulipogusa. Akikosea au asisikie, na kuna baka lililopauka lisilosikia, au neva nyuma ya kiwiko imenenepa na inauma ukiigusa, aende kituo chochote cha serikali. Dawa ni bure, miezi 6 au 12 kulingana na aina. Nguvu zikipungua ghafla katikati ya matibabu, neva inavimba: hapo predinisoloni inaweza kuiokoa, mradi ulegevu haujapita miezi 6. Huanza kama miligramu 40 kwa siku na kupunguzwa taratibu kwa miezi kadhaa, chini ya daktari. Ya kujinunulia inapandisha sukari na kuamsha TB, na kuikatisha ghafla ni hatari.

Wayo wenye ganzi uloweke maji ya kawaida dakika 20, usugue sugu kwa jiwe, kisha upake mafuta maji yakiwa bado kwenye ngozi. Mawese yanatosha. Kung'uta kiatu kila kabla ya kuvaa; msumari usiousikia asubuhi ni kidonda jioni.

Wazazi: sindano ya kalio ikikosea njia inagonga neva kubwa ya mguu. Mtoto analia kwa ukali usio wa kawaida, na wayo unalegea siku hiyohiyo. Mdogo wa chini ya miaka 2 achomwe paja, katikati upande wa nje. Mama ana haki ya kuomba hivyo. Na kwa aliyevunjika akafungwa vijiti na fundi wa mifupa: vidole vikiwa baridi, vimevimba, na kuvinyoosha kunauma kupita kiasi, legeza vijiti mara moja, kimbia hospitali. Msuli uliokosa damu kwa saa 6 hivi haurudi.

Aliyekatwa na panga asisubiri kidonda kipone ndipo aulize kuhusu neva. Mishono ya neva inafaa zaidi siku za mwanzo. Kwa wengine, mwezi kwa mwezi gonga taratibu kwa kidole kando ya njia ya neva, weka alama ya kalamu pale panapotoa mtekenyo. Alama ikishuka, neva inaota. Isiposhuka kwa miezi 3, omba Maweni, hospitali ya rufaa ya mkoa wa Kigoma, wakupe rufaa kwenda Bugando, Mwanza, au MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili, Dar es Salaam. Hata baada ya mwaka bado kuna upasuaji wa kuhamisha kano ya msuli ulio mzima ili iinue wayo. Daktari ataanza kwa kukisukuma kifundo kwa mkono, na kisipofika nyuzi 90 atakurudisha kwenye khanga kwanza.