Miezi Mitano Gerejini: Ninavyoitunza Slingshot Wakati wa Theluji

Kuanzia katikati ya Novemba mpaka Aprili, Slingshot yangu haitoki nje. Hapa Minnesota, Marekani, barabara humwagiwa chumvi ili barafu iyeyuke, na chombo kama hiki cha magurudumu matatu kisicho na paa wala milango, tumbo lake karibu liguse lami, hakiwezi kushindana na chumvi. Mwaka wa kwanza niliifunika turubai, nikafunga mlango wa gereji, basi. Aprili nilikuta betri imepasuka ubavuni, petroli imechacha, na panya wamejenga kiota ndani ya sanduku la chujio la hewa. Iliniuma sana, maana nilikuwa nimeweka akiba miaka mitatu kuinunua. Ninayoyaandika hapa nimeyajifunza tangu siku ile.

Yangu ni ya 2016, ya gia za mkono, injini ya lita 2.4 yenye nguvu za farasi 173. Mjomba wangu ni fundi wa tuktuk Kisauni. Nilipomwonyesha kwa simu ya video aliangalia kimya, kisha akauliza, "Mpwa wangu, huo mguu mmoja wa nyuma ndio unaosukuma?" Nikamwambia ndio, Mjomba. Tuktuk ina gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Hii ni kinyume chake. Injini iko mbele, nguvu inapita kwenye shafti mpaka nyuma, inageuzwa na gia, kisha mkanda unazungusha gurudumu. "Basi anza hapo kila mara," akasema. Nami huanza hapo.

Lakini kabla ya kufungua nati yoyote, iandae vizuri kwa usingizi wa baridi. Petroli ya kawaida ya hapa ina ethanoli, na ethanoli huvuta unyevu. Vipo vituo vinavyouza petroli isiyo na ethanoli kwa ajili ya pikipiki, boti na magari ya kale. Jaza hiyo mpaka tangi lishibe, tia dawa ya kuhifadhi petroli, kisha endesha kama dakika kumi ili dawa ifike mpaka kwenye nozeli zinazopuliza petroli ndani ya injini. Oili ya injini badilisha sasa, usingoje Aprili, kwa sababu oili iliyotumika ina maji na asidi, na hutaki vikae miezi mitano juu ya beringi.

Betri ndiyo huwaponza wengi. Betri ya risasi na asidi iliyojaa chaji haigandi kwa baridi yetu, hata ikifika nyuzi 30 chini ya sifuri. Iliyoisha chaji inaganda nyuzi chache tu chini ya sifuri, na maji yakiganda yanatanuka, ganda linapasuka. Nunua chaja ndogo ya kudumisha chaji uiache imechomekwa. Maji ya radieta yakiwa nusu kwa nusu na dawa ya kuzuia kuganda huvumilia mpaka karibu nyuzi 37 chini ya sifuri, yapime, usikisie. Kwa panya, ziba bomba la moshi na mdomo wa hewa kwa sufi ya chuma, kisha funga utambaa mwekundu kwenye usukani ili usije ukawasha injini ukiwa umesahau.

Na tafadhali, usiiwashe kila Jumapili "ipate moto kidogo". Injini isiyopata moto wa kutosha huacha maji ndani ya oili, na moshi wake ndani ya gereji iliyoungana na nyumba unaua watu usingizini. Iache ilale.

Sasa gurudumu la nyuma. Weka stendi pale tu kitabu cha gari kinapoonyesha, nyuma iinuke, usiingie chini ikiwa juu ya jeki peke yake. Washa tochi, zungusha gurudumu kwa mkono polepole, uangalie mkanda jino kwa jino. Januari moja nilizungusha mizunguko miwili bila kuona kitu. Wa tatu nikasikia *tik*. Nikarudisha nyuma, nikapitisha kidole: kokoto ndogo kama punje ya choroko ilikuwa imejibana kati ya meno mawili, na upande wa pili mkanda ulikuwa umeanza kuvimba. Mkanda huo una nyuzi za kaboni. Zikikatika ndani, hakuna kiraka. Kama ungekatika Julai nikiwa kasi barabara kuu, hakuna gurudumu la pili la kusukuma. Nilibadilisha mkanda. Kokoto bado ninayo kwenye kopo la nati.

Ukifunga gurudumu tena, tumia spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza, na namba za kitabu, kisha zungusha gurudumu uone kama mkanda unakaa katikati ya puli. Ukivutwa pembeni, ekseli haijanyooka, hata kama macho yanakuambia imenyooka. Shika gurudumu juu na chini ulitikise pia. Likicheza, ni beringi.

Kuhusu kuiboresha, najua wengi hukimbilia turbo. Mimi nasema breki kwanza, halafu tairi, halafu shokabu, nguvu iwe ya mwisho. Tairi moja la nyuma tayari linabeba kazi yote ya kusukuma. Ukiliongezea farasi kabla ya kuliongezea mshiko, kwenye kona yenye maji linateleza bila kukupa onyo. Baridi ya pili niliweka mabomba ya breki yaliyosukwa kwa waya wa chuma, na mafuta mapya ya breki, aina ya DOT 4. Funika rangi ya bodi kwa plastiki, maana mafuta ya breki huila rangi. Toa hewa kwenye mabomba mpaka pedali iwe ngumu chini ya mguu. Baridi ya tatu nilinunua tairi jipya la nyuma. Haya ni matairi ya kiangazi, mpira wake ukipoa sana unaweza kupasuka ukikunjwa, kwa hiyo nililiingiza sebuleni siku nzima kabla ya kulipeleka kufungwa kwenye rimu. Mama watoto alilivumilia.

Aprili isikuharakishe. Theluji ikiisha, chumvi bado iko barabarani. Mimi hungoja mvua kubwa mbili ziioshe. Toa sufi ya chuma kwanza. Sukuma gari nje kabla ya kuwasha, jaribu breki ukiwa mtaani kwako, nenda kilomita hamsini hivi, rudi, na ikishapoa pitia tena nati za magurudumu na mkao wa mkanda.